Sikio la Bikizee

Jina la Buzwagi liliwafikia Watanzania wengi kwa njia ya Bunge kabla halijawafikia kwa njia ya dhahabu. Mkataba wa mgodi huo, ulio jirani na mji wa Kahama katika mkoa wa Shinyanga, ulitiwa saini huko London mwezi wa Februari 2007. Na ilipofika Agosti ya mwaka uo huo, Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alisimama kudai kwamba mkataba ule uchunguzwe, akaadhibiwa kwa kusimamishwa kuhudhuria vikao kwa miezi kadhaa, na adhabu ile ikamtoa bungeni mwanasiasa ikamwingiza mitaani shujaa. Mgodi wenyewe ulianza kuzalisha 2009, ukafungwa 2021, na pale palipokuwa pakivuma mitambo usiku na mchana pamebaki shimo pana na mipango mingi. Nayataja haya mwanzoni, ingawa sura hii haihusu siasa wala madini, kwa kuwa inahusu mashujaa, na ni vema msomaji ajue tangu awali kwamba katika nchi ile shujaa hafanywi na tendo lake peke yake. Hufanywa na mazungumzo ya watu waliokaa wakalipima tendo lile, wakalitia chumvi, wakalipunguza, hata mwisho wakalikubali.

Vijana ambao habari zao nataka kuzieleza ni wa mji huo wa Kahama, na wa Geita, na wa vijiji vilivyo kati ya miji hiyo miwili. Mmoja hutengeneza simu mbovu katika kibanda karibu na stendi ya mabasi. Mwingine huchora mabango ya saluni na maduka ya dawa. Wa tatu hushinda kwenye karasha akiilisha mashine mawe yasagwe yawe unga. Na yumo msichana wa kidato cha tano ambaye huonekana wakati wa likizo tu, maana shuleni simu ni haramu. Hakuna hata mmoja wao aliyesomea uchoraji. Wakutanapo hukutana ndani ya simu, katika kundi la WhatsApp ambamo kila mmoja huweka picha aliyoichora ya shujaa mwenye nguvu zipitazo za wanadamu, supahiro kama wanavyomwita wenyewe, kisha wenzake wakaijadili picha ile kwa insafu, kwa mzaha, na mara nyingine kwa ukali ambao mgeni angeudhania kuwa ugomvi. Hawalipwi, wala hawamuuzii mtu, na aghalabu wazazi wao hawana habari kwamba kazi hiyo ipo.

Chombo chao ni simu ya mkononi, Tecno au Infinix kwa walio wengi, na kalamu yao ni kidole cha shahada. Programu waipendayo ni ibisPaint, iliyoundwa Japani, ambayo hupatikana bure kwa mtu aliye tayari kuyavumilia matangazo yake. Mchoraji huanza kwa leya ya chini kabisa, akachora mifupa ya umbo kwa rangi hafifu ya buluu. Juu yake huweka leya ya wino, ambamo mistari hukazwa. Kisha huja leya za rangi, ya ngozi mbali, ya mavazi mbali, ya kivuli mbali, ili kosa la moja lisiiharibu nyingine. Kidole kina unene wake na kioo kina udogo wake, hivyo jicho la shujaa haliwezi kuchorwa ila baada ya kuikuza picha hata jicho lile likajaza kioo chote, na mchoraji akawa hauoni tena uso anaouchora. Simu ikizidiwa na leya nyingi hukwama, na hapo hapana budi kuziunganisha baadhi yake, ambapo kosa lililokuwa likifutika huwa halifutiki tena. Kioo kikiwa na ufa, mstari huruka pale penye ufa. Nimeonyeshwa shujaa mmoja ambaye kovu lake la shavuni, lililosifiwa sana kwa ubunifu, lilianza kwa mruko wa namna hiyo. Na picha ikikwisha bado ina safari, kwa maana asiye na uzoefu huituma kama picha, WhatsApp ikaipunguza uzito, na mistari ikafika ina ukungu. Mzoefu huituma kama dokumenti, ikafika kamili, ingawa inamla mwenzake bando. Kwa sababu hiyo imekuwa ni murua miongoni mwao kuomba radhi kabla ya kutuma faili kubwa, na anayeweza kusubiri husubiri usiku wa manane, saa ambazo bando ni rahisi.

Wote walianza kwa kunakili mashujaa wa ng'ambo, na sioni aibu katika hilo. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea Marekani 1938; Spider-Man alimfuata 1962; na Black Panther, mfalme wa nchi ya Kiafrika isiyo katika ramani yoyote, alitoka mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby 1966, akangoja hadi filamu ya 2018 ndipo akapata umaarufu wa kweli katika Afrika yenyewe. Vijana wa Kahama hawakuwajua mabwana hao kwa vitabu, ambavyo havijapata kuuzwa madukani kwao. Waliwajua kwa filamu, na wengi kwa zile filamu za mabanda ya video zilizotiwa maneno ya Kiswahili na mafundi wa kutafsiri, ambao kwao haikuwa muhali hata kidogo kwa shujaa wa New York kulalamikia kodi ya nyumba au kumtukana shemeji yake. Nadhani mafundi wale walifanya kazi kubwa kuliko sifa walizopata. Walimzoesha mtoto wa Kahama fikira kwamba shujaa wa mbali anaweza kuhojiwa, kutaniwa, na kupewa maneno mengine tofauti na yale aliyokuja nayo.

Fikira hiyo ndiyo iliyozaa mjadala. Zilipoanza kuwekwa kundini picha za watu wenye vifua vipana na misuli ya kutisha, aliyesema la maana zaidi hakuwa yule aliyezijua filamu nyingi, alikuwa mtu wa karasha. Alitazama picha ya jabari mmoja aliyenyanyua gari zima juu ya kichwa chake, akaandika: "Mgongo huo haujabeba kitu, kaka. Mwenye mzigo huanza kuonekana magotini." Kisha akatuma picha ya mwenzake akiinua kiroba cha mawe, magoti yamepinda, shingo imezama mabegani, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ardhi, na misuli ya tumbo, ile inayochorwa kwa shauku nyingi, haionekani kabisa kwa sababu mwili umejikunja. Tangu siku hiyo namna ya kuchora kunyanyua ikabadilika. Joho nalo, kile kitambaa kirefu kinachopepea mgongoni mwa mashujaa wa Kimarekani, lilikutana na hukumu ya mtu huyo huyo, aliyeuliza ni fundi gani mwenye akili timamu angekaribia mkanda wa mashine akiwa na nguo inayoning'inia; na joho likatoweka katika picha za kundi lile bila kura kupigwa.

Wapo wasemao kwamba mashujaa wa namna hii ni kitu kigeni kwetu, na kwamba vijana wanapoteza wakati kwa mambo ya Wazungu. Rai hiyo hutolewa kwa sauti kubwa na watu ambao, nina hofu, hawajapata kuusoma utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu 1913, wala kusikia masimulizi ya kale zaidi ambayo utenzi ule uliyakusanya. Liyongo alikuwa jitu kwa kimo na simba kwa nguvu, silaha haikumpenya mwilini, gereza halikumzuia, na siri ya kufa kwake ilikuwa katika sindano ya shaba kuchomwa kitovuni, siri aliyoitoa kwa mwanawe mwenyewe naye mwana akaitumia. Na hata alipokwisha kufa, kwa kuwa alikufa amepiga goti na uta mkononi, watu wa mji waliogopa kukikaribia kisima alichokielekea. Wajaluo wanaye Luanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake ulikuwa katika kivuli. Naye ni miongoni mwa mashujaa wa makabila ya Kenya ambao Makumbusho ya Taifa ya nchi hiyo, yakishirikiana na wachoraji wa huko na kampuni ya Google, yamewachora upya kwa mtindo wa kisasa yakawaweka mtandaoni. Pengo liko katika magazeti ya picha. Sisi tuliokulia Tanzania tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, tukawa na Sani pamoja na akina Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa, watu wa kuchekesha, walaghai wa mjini, wapenda ubwabwa, na hakuna aliyeruka angani hata mmoja. Na aliyetaka shujaa wa ngumi na bastola ilimpasa amfuate Lance Spearman katika African Film, gazeti la picha za kupigwa lililozunguka Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970. Tulijua kucheka kwa picha. Kustaajabu kwa picha hatukujizoeza sana.

Katika nchi ya Wasukuma kustaajabu kulikaa katika hadithi, na hadithi iliyo kubwa kupita zote ni ile ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao yote, asisalie ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Mwanamke yule akajifungua mtoto wa kiume, mtoto akakua, akamwuliza mama yake watu wako wapi; na alipoambiwa, akatoka kwenda kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akamletea mama, akauliza kama ndiye, akaambiwa siye. Akaua ndege, akaua paa, kila mara akaleta na kuuliza, na kila mara akaambiwa siye, hata siku alipolikuta zimwi lenyewe akaliua, akalipasua tumbo, wakatoka baba yake na ukoo wake na kijiji chake na ng'ombe wao. Hapa mahali ambapo hadithi nyingine zingekoma, hii haikukoma. Katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, naye akakasirika ghadhabu kubwa, akataka kumroga mwokozi wake. Masala Kulangwa akalindwa na rafiki zake, akatafuta dawa, akamponya bibi yule. Na baada ya hapo ndipo watu walipomfanya mtemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Kijana wa kutengeneza simu aliichora hadithi hii, na mjadala ulioifuata ndio ulionishawishi kuandika sura nzima juu ya watu hawa. Picha ya kwanza ilikuwa na fahari isiyo na kifani: shujaa amesimama juu ya tumbo lililopasuka, kisu mkononi, nuru inachomoza nyuma yake, na chini yake watu na ng'ombe wanamiminika. Zimwi lilipewa kinywa chenye meno ya kijiko cha katapila, kile chuma chenye meno kinachochota mwamba. Juu ya meno hayo palikuwa na mabishano ya usiku mzima. Mmoja alisema kwamba zimwi limezalo vijiji, likichorwa na mtu wa Kahama, lingekosaje meno hayo, hali kila mmoja anamjua mtu aliyehamishwa shamba lake kupisha machimbo. Mwingine akajibu kwamba baba yake aliendesha mtambo wa namna hiyo, na kwa mshahara ule yeye alisoma. Kama ni zimwi, ni zimwi lililomlipia ada. Hapakuwa na mshindi. Mchoraji aliyapunguza meno lakini hakuyang'oa, na nadhani alifanya vema, kwa maana picha ile sasa inasema yote mawili bila kumtukana mtu.

Kisha yule msichana, aliyekuwa kimya muda wote, akaandika maneno matatu: "Sikio liko wapi?"

Watu wakacheka, lakini swali halikuondoka. Mchoraji akakiri kwamba aliliacha kwa makusudi, kwa kuwa linaharibu utukufu wa tukio. Shujaa aliyekwisha kuokoa watu wote, iweje wakati wa ushindi aonekane amemjeruhi ajuza? Msichana akashikilia kwamba pasipo sikio ile si hadithi ya Masala Kulangwa, ni ya mtu mwingine yeyote mwenye kisu. Siku ya pili ikaletwa picha mpya, na katika pembe yake ya kushoto alikuwamo bikizee: kajifunga nguo nyeusi, pua imepinda, kucha ndefu, macho mekundu mfano wa makaa, na mkono umeinuliwa kuroga. Ilikuwa ni kazi nzuri kwa ufundi wa mkono. Na hapo mchora mabango, mtu mzima kuliko wote katika kundi, ambaye kwa kawaida husema juu ya rangi tu, akaandika: "Macho hayo ni ya bibi yangu, na bibi yangu anapika kwa kuni."

Msomaji wa kanda ile hahitaji kufafanuliwa. Kwa walio mbali itatosha kusema kwamba Usukuma umebeba kwa miaka mingi msiba wa kuuawa vikongwe waliotuhumiwa uchawi, na kwamba ushahidi uliowatosha wauaji mara nyingi haukuwa zaidi ya macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jiko la kuni na samadi ya ng'ombe, baada ya miaka hamsini ya kuwapikia wengine. Kijana aliyechora hakuwa na dhamira mbaya. Alichukua sura ya mchawi kama alivyoizoea katika filamu, akaongeza wekundu wa macho kama alivyousikia kwa majirani, na vitu viwili visivyo na hatia vilipokutana juu ya kioo chake vikawa kitu chenye hatia. Laiti angechora peke yake chumbani, picha ile ingalibaki ilivyo, na pengine ingesifiwa; lakini ilikuwapo mbele ya watu, na mmoja wao alikuwa na bibi.

Toleo la tatu ndilo ninalolipenda. Nuru imeondoka nyuma ya shujaa na kuhamia mbele, inawaangukia watu wanaotoka. Bikizee amekaa juu ya jiwe, kiganja kimefunika upande wa kichwa, damu inapita kati ya vidole, na kinywa kiko wazi. Ni dhahiri kwamba anafoka, na kwamba anafoka kwa haki. Masala Kulangwa amechutama mbele yake, kisu kimelazwa chini, mkononi ana majani. Uso wake una haya ya kijana aliyekosea mbele ya mkubwa wake, haya ambayo sijapata kuiona katika sura ya supahiro yeyote wa Kimarekani, ingawa nimewatazama wengi kwa ajili ya kitabu hiki. Bado walibishana: majani ni ya mti gani, na kama kisu kilipasa kuwa na damu, na kama mtu aweza kuchutama hivyo bila kisigino kuinuka. Kisigino kiliinuliwa.

Ninaposema kwamba mabishano hayo ni sehemu ya uchoraji wenyewe sitii nakshi. Katika Usukuma kazi ya sanaa imezoea tangu zamani kuhukumiwa mahali pale pale inapotendwa. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila chama upande wake, na watazamaji huenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana wachezaji wa huko walijifunza kucheza na chatu, na kuleta nungunungu, na kusimamisha vinyago vya mti katikati ya ngoma: ni hila za kuzivuta nyayo za watu. Desturi hiyo ingali hai, na kila Juni huonekana katika sherehe ya Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Aliyezaliwa katika desturi hiyo hashangai kwamba kazi yake ihukumiwe kabla jasho halijakauka.

Hata hivyo ngoma na simu zina tofauti moja kubwa. Uwanjani, mtu anayehamia upande wa pili amechoka miguu kwa ajili ya hukumu yake; katika simu, alama ya moyo au ya dole gumba haimgharimu mtu kitu, na sifa isiyogharimu haifundishi. Kundi hili liliwahi kuingiwa na ugonjwa huo. Kila picha ikapata mioyo ishirini, na picha zikaanza kufanana. Dawa waliyoipata ni ya kiungwana kwa jinsi ilivyo nyepesi: anayesifu lazima ataje na kasoro moja, na anayekosoa lazima aseme yeye angefanyaje. Wengine hawakuiweza amri hiyo wakajitoa. Waliobaki walianza kutazama.

Kutazama kwenyewe kuliwafikisha kwenye maswali ambayo hawakuyatarajia. Mmoja alibuni mlinzi wa usiku mwenye kofia ya mchimbaji na taa pajini, mwenye kuwapiga wezi wa mawe ya dhahabu katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita bila kujulikana ni nani. Swali likaja mara moja: aliyempa ruhusa ni nani? Watu wa Kahama wana haki ya kuliuliza kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa Sungusungu walianzia pande zao hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa upinde, mshale na filimbi, kuwakabili wezi wa ng'ombe ambao serikali haikuwaweza. Na pamoja na wema waliotenda, waliwahi pia kuwaandama wanawake kwa tuhuma za uchawi. Lakini Sungusungu walikuwa na viongozi waliojulikana kwa majina na mikutano ya wazi. Huyu wa taa pajini hakuwa na kikao wala wa kumuuliza. Mbunifu wake amemwacha bila kumalizwa hadi leo, na kila akiulizwa husema anamtafutia kamati.

Juu ya Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mwenye miujiza aliyefariki 1936, ambaye inasimuliwa kwamba aliuelekezea mti kidole ukakauka, mambo yamekuwa magumu kwa sababu nyingine. Wapo wazee ambao baba zao walimwona, na babu mmoja aliyepelekewa picha kwa mjukuu wake alirudisha ujumbe wa sauti mrefu, sehemu yake kwa Kisukuma, akisema: "Wajukuu zangu, huyo mmemvika nini?" Walikuwa wamemvika suti ya kubana.

Kuhusu nani anammiliki nani, sheria ina maneno yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mwenye kubuni kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Spider-Man ana wenyewe ambao wako macho. Kijana akimchora na kuwaonyesha rafiki zake huenda asisumbuliwe, lakini akimchapa katika fulana na kuziuza mnadani, hilo ni jambo jingine. Wengi hawajui kwamba sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu masimulizi na sanaa za jadi, hivyo hata Masala Kulangwa si mali ya kuokota: kumtumia kwa biashara nje ya mazingira ya jadi yake kunahitaji kibali. Mchora mabango, aliyekwisha kuombwa fulana mia moja za Masala kwa ajili ya harusi, alilipokea jambo hili kwa uchungu.

Limebaki la akili mnemba, ambalo limeingia Kahama kama lilivyoingia kila mahali. Mtu anaandika maneno machache, mashine inamletea shujaa aliyekamilika kwa dakika moja, na nuru ya machweo juu. Kundi lilizitambua picha hizo upesi kwa ishara za kawaida, kidole cha sita, kamba isiyofungwa popote; lakini ishara iliyowaudhi zaidi ni kwamba mashine, ikiombwa Msukuma, huleta mtu aliyevaa shanga za Kimaasai, ngao ya Kizulu, na nyuma yake mlima wenye theluji. Sasa wanadai ushahidi. Programu yao huweka kumbukumbu ya uchoraji na kuifanya video fupi, mistari ikionekana kuja mmoja baada ya mwingine, na asiyeweza kuileta video hiyo picha yake haijadiliwi. Hivi karibuni kijana mmoja mgeni alileta Ng'wanamalundi mzuri mno, juu ya majabali yanayofanana kabisa na yale ya njia ya Mwanza, na alipodaiwa video akasema imefutika. Hakufukuzwa. Majabali yalikubaliwa kuwa kielelezo cha kutazamia, naye akaamriwa aichore upya kwa kidole. Akaomba asubiriwe hadi Jumapili, kwa kuwa simu yake iko kwa fundi, na fundi mwenyewe ni yule yule aliyekuwa wa kwanza kumdai video.